Akumu na Sendofu ya Ghorofa Moja na Nusu

Akumu Ogweno hakwenda Hoteli ya Mawe Matatu kutafuta kazi. Alikwenda kupeleka samaki. Anamwambia hivyo kila anayemuuliza alianzaje, na watu humtazama kwa mashaka, maana siku hizi akipita ukumbini na suti yake ya buluu, kichwa juu, akiwasalimia wageni kwa majina, ni vigumu kumfikiria akiwa na ndoo ya sato.

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kwao Rorya, kandokando ya ziwa. Matokeo yalikuja ya wastani, si ya kulia wala ya kuchinjia kuku, na mama yake akaona heri aende Mwanza kwa shangazi yake, Aoko, aliyekuwa akiishi Kiseke na kuuza samaki kwenye mahoteli. Shangazi Aoko alinunua sato kwa wavuvi mwaloni alfajiri, akawaparua magamba, akawapanga kwenye ndoo. Akumu ndiye aliyekuwa miguu ya biashara.

Jumanne moja asubuhi alifika Mawe Matatu na ndoo yenye sato ishirini. Siku hiyo alikuwa amevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe ya kwaya, kwa sababu mvua ilinyesha tangu Jumapili na nguo zake nyingine zilikuwa hazijakauka. Akaitua ndoo getini apumzishe shingo. Mlinzi, Mzee Machibya, akamwangalia juu mpaka chini, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, mzee," Akumu akasema.

"Malahaba, binti. Umechelewa wewe. Wenzako wote wameshaingia. Pita mulango mkubwa, upande wa mapokezi."

"Mlango mkubwa? Si nyuma, jikoni?"

"Mkubwa. Nimeambiwa wote wenye sketi nyeusi na blauzi nyeupe wapite mkubwa. Huo mzigo wako weka hapo nyuma ya chungu cha maua, nitauangalia."

Akumu akafikiri labda utaratibu wa kupokea samaki umebadilika. Akaiweka ndoo kivulini, akaifunika vizuri na majani ya mgomba, akaingia. Ndani akakuta wasichana kumi na mmoja wamesimama kwenye foleni, wote sketi nyeusi, wote blauzi nyeupe. Naye akajiunga mwishoni. Alipomuuliza aliyekuwa mbele yake wanasubiri nini, yule msichana alimjibu kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi kwamba wanasubiri usaili wa wahudumu, na kwamba meneja ni mkali kuliko mtihani wa taifa.

Hapo ndipo Akumu angepaswa kugeuka. Hakugeuka. Alikuwa hajawahi kuingia ukumbi ule. Sakafu ilikuwa inang'aa mpaka unajiona miguu, ziwa lilikuwa limejaa kwenye vioo vyote, na mahali fulani palikuwa pakinukia kahawa na maua. Akajiambia atatoka foleni ikifika katikati. Foleni ikafika katikati. Akajiambia atatoka akibakiza wawili.

Meneja alikuwa Bwana Gosbert, Mhaya mrefu aliyevaa tai hata siku za Jumapili, na aliyesema Kiswahili kana kwamba kila sentensi itasahihishwa na mtu. Mtihani wake ulikuwa mmoja tu. Trei, glasi sita zilizojaa maji pomoni, kutoka baa, kupita mlango wa kioo, kushuka ngazi saba, mpaka kwenye meza iliyokuwa bustanini karibu na maji. Alisimama pale chini na leso nyeupe mkononi, akifuta trei ya kila anayefika na kuangalia leso imelowa kiasi gani. Mmoja alimwaga nusu. Mwingine alifika na glasi nne. Yule aliyekosa usingizi alifika na glasi zote na machozi.

Zamu ya Akumu ikafika. Akaiangalia trei. Akaziangalia ngazi.

"Samahani, bosi," aliita kutoka juu. "Nibebe kwa namna yoyote?"

"Namna yoyote, mradi maji yafike."

Akumu akaikunja leso ya baa kuwa kata, akaiweka kichwani, akainua trei, akaikalisha juu ya kata, na kushuka ngazi saba mikono ikiwa inaning'inia kama mtu anayekwenda kutembelea jirani. Njiani akamkwepa paka wa hoteli. Alipofika mezani alichuchumaa taratibu, akaitua trei. Bwana Gosbert akapitisha leso yake chini ya glasi, moja baada ya nyingine. Leso ikabaki kavu.

Kabla hajasema neno, mlango wa jikoni ulifunguka kwa kishindo na mpishi mkuu, Shimba, akatoka na mwiko mkononi. "Meneja, wageni wa saa sita wanataka samaki, na yule binti wa Aoko hajaleta mpaka sasa."

Akumu akainua mkono kama yuko darasani. "Wako nyuma ya chungu cha maua, kaka. Ishirini."

Bwana Gosbert aliikunja leso yake mara mbili. "Wewe ni muuza samaki," akasema.

"Ndiyo, bosi. Nilitaka kusema mapema, lakini foleni ilikuwa inakwenda vizuri."

Watu waliokuwepo siku ile wanasema Bwana Gosbert aligeukia ziwa na kukaa hivyo muda mrefu, mabega yakimtikisika, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuona mabega yake yakifanya hivyo. Aliporudisha uso wake alikuwa meneja tena. "Hapa hatubebi kichwani," akasema. "Lakini shingo hiyo naitaka. Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi."

Akumu alirudi Kiseke na ndoo tupu, akicheka peke yake barabarani, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akianika dagaa akamuuliza kama kuna mtu kaolewa.

Alianzia vyumbani. Huko alifundishwa kutandika kitanda kwa namna ambayo hakujua ipo duniani: shuka linavutwa mpaka halina mkunjo hata mmoja, pembe zinakunjwa kama bahasha, na mto unapigwa katikati mpaka usimame wenyewe. Shangazi Aoko aliposikia alikasirika kidogo. "Wanakufundisha kutandika kitanda? Na mimi niliyekufundisha ulipokuja likizo, nilifundisha nini?"

Halafu Akumu akajifunza kuviringisha taulo mbili mpaka zikawa bata maji wawili wanaotazamana. Hilo lilimpanda kichwani. Kila alichokishika nyumbani kilitoka ndege. Kanga zikawa kanga kweli, yule ndege mwenye madoa. Kitambaa cha meza kikawa njiwa. Siku moja Shangazi Aoko alirudi kutoka kanisani akakuta blanketi lake limekuwa korongo mkubwa, kakaa katikati ya kitanda, shingo imepinda kwa madaha. Akasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Sasa mimi nijilaze wapi, na huyu kashalala?"

"Mfungue tu, shangazi. Ni blanketi."

"Nimfungue? Umemtengeneza macho, Akumu."

Mchana ule Shangazi Aoko alipumzika kwenye kochi, na majirani watatu walikuja kumwona korongo.

Mwaka wa pili akahamishiwa mapokezi, na huko ndiko alikokaribia kufukuzwa. Maneno ya kupokelea simu yalikuwa yameandikwa na Bwana Gosbert mwenyewe na kubandikwa chini ya kaunta: Hoteli ya Mawe Matatu, karibu, tukusaidie nini. Akumu aliyajua kwa moyo. Lakini simu ilipoita na kabla hajafikiri, mdomo wake ulisema, "Shikamoo." Alilelewa hivyo. Kwao mtu usiyemwona unampa heshima kwanza, umri wake utaujua baadaye. Aliwapa shikamoo madereva wa watalii wanaokwenda Serengeti, akaipa shikamoo ofisi moja ya wilaya, akampa shikamoo mtoto wa miaka tisa aliyepiga simu kumtafuta mama yake mkutanoni. Yule mtoto aliitikia "marahaba" kwa sauti nzito, kisha akacheka mpaka simu ikamponyoka.

Bwana Gosbert akamwita ofisini. Akamweleza kwa upole, kwa sentensi zilizonyooka, kwamba hoteli si ukoo. Akumu akakubali kosa. Alikuwa bado amesimama pale simu ya ofisini ikaita, na alikuwa ni Bwana Chenge, mfanyabiashara wa Kahama, mtu wa makamo mwenye sauti kubwa kiasi kwamba Akumu alisikia kila neno bila kutaka.

"Meneja, naleta watu wangu kumi na wanne kwa semina, wiki nzima. Nilikuwa niwapeleke kwingine, lakini hapo kwenu nimeamkiwa. Tangu nianze kupiga simu kwenye mahoteli, miaka yote hii, sijawahi kuamkiwa. Nipe yule wa shikamoo aniandikie vyumba."

Bwana Gosbert aliweka simu chini polepole. Kesho yake ile karatasi ya chini ya kaunta ilikuwa imeongezewa neno moja mwanzoni, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni.

Hoteli ikampeleka chuo mwaka mmoja, akasoma jioni huku akifanya kazi mchana. Akamaliza na cheti na maneno mapya mengi, mengine hakuyahitaji. Akapita mgahawani, akapita stoo ya vinywaji, akajua mgeni yupi anataka kuzungumza na yupi anataka kuachwa na gazeti lake. Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Asubuhi akivaa sare alijihisi kama mtu anayekwenda kwenye sherehe ya mwenzake, kila siku, na analipwa kwenda. Mwaka wa nane Bwana Gosbert akamkabidhi ukumbi wa sherehe kwa majaribio ya miezi mitatu: arusi, sendofu za kuwaaga mabinti wanaoolewa, ubarikio, mahafali. Mwezi wa kwanza ukapita salama. Mwezi wa pili likaja jambo la Prudencia.

Prudencia alikuwa binti wa Mwalimu Florian, mwalimu mstaafu wa Butimba, Mhaya mwenye ndugu wengi. Sendofu yake ilipangwa Jumamosi mchana badala ya jioni, kwa sababu nusu ya ukoo ilikuwa imetoka Bukoba na ilikuwa inarudi na meli siku hiyohiyo. Watu mia mbili na kumi. Saa saba kamili bibi harusi mtarajiwa aingie ukumbini, saa saba na nusu keki, saa nane chakula. Akumu aliyaandika yote kwenye kiganja chake kwa kalamu, hakuamini karatasi.

Saa saba kasoro dakika tano Prudencia alitoka chumba chake cha ghorofa ya tatu akiwa na gauni la rangi ya dhahabu lililokuwa pana kama mwavuli wa ufukweni. Kando yake alikuwa mpambe wake, Princess, msichana mwembamba aliyebeba pochi mbili, feni ya mkono na trei ndogo ya vipande vya keki, vile vya kulishana na wazazi, maana Prudencia alitaka aingie navyo mwenyewe. Wakaingia kwenye lifti. Akumu akiwa chini na waya wa simu sikioni akaiona namba juu ya mlango ikishuka: tatu, mbili. Halafu haikushuka tena. Taa ikapepesa, ikakaa kwenye mbili, na kutoka juu ikasikika sauti ya Princess ikiita jina la Yesu na la mama yake.

Akumu alipanda ngazi mbilimbili. Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, yeye na mhudumu mmoja walivuta milango mpaka ikafunguka upana wa kiganja, ikagoma hapo. Kwa ndani, usawa wa kifua chake, Akumu aliona sakafu ya lifti, viatu viwili vya dhahabu, na gauni jingi sana.

"Dada Prudencia," akasema. "Naitwa Akumu, ndiye msimamizi wa ukumbi. Kaa chini nikuone uso."

Gauni likashuka kwa kishindo cha vitambaa. Uso wa Prudencia ukatokea kwenye ule mwanya, wanja umeanza kuteremka.

"Nimekwama kwenye sendofu yangu," akasema.

"Nakuona. Unapumua vizuri?"

"Napumua. Nina njaa. Tangu asubuhi wamenikataza kula kwa ajili ya gauni."

"Hilo naliweza," Akumu akasema, na akamtuma mhudumu jikoni.

Fundi wa lifti, Elias, alikuwa upande wa pili wa mji. Kwenye simu aliwakataza kabisa kumvuta mtu kupitia pale mlangoni; watulie, wakae chini, anakuja na bodaboda, dakika arobaini, labda hamsini. Akumu akaangalia kiganja chake. Dakika hamsini zingekula muda wa kuingia na wa keki. Chini ukumbini tayari alisikia mshereheshaji akirudia kichekesho kilekile kwa mara ya pili, na watu wakicheka kwa adabu.

Mpishi Shimba alikuja mwenyewe na sahani ya sambusa na ndizi za kukaanga, akazipitisha moja moja kwenye mwanya kama anayelisha hua. Prudencia alikula sita. Rangi ikamrudi usoni. Princess akala nne, akaacha kuita watu wa mbinguni. Na Akumu, akimwangalia bibi harusi yule akijifuta vidole kwa adabu akiwa amekaa sakafuni katikati ya dhahabu yake, akashikwa na ule utundu uliomshika siku ile kwenye foleni, alipojua anapaswa kutoka na miguu ikakataa.

"Dada Prudencia, ungependa tukusubiri, au tuje?"

"Mje wapi?"

"Hapa. Wote."

Prudencia akamtazama. Kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekwisha kulia na sasa tumbo limejaa. "Na matarumbeta?"

"Na matarumbeta."

Akumu aliposhuka na kumnong'oneza Bwana Gosbert, meneja alifumba macho. "Watu mia mbili na kumi kwenye korido yangu," akasema.

"Na kwenye ngazi, bosi. Korido haitawatosha."

Bwana Gosbert alifungua jicho moja. Akaangalia saa. Akafikiria meli, akafikiria wazee wa Bukoba, akafikiria zulia. "Wazee wapitishwe mbele, na wapewe viti," akasema hatimaye. "Mimi nitabaki chini. Lazima mtu mmoja abaki ana akili."

Basi sendofu ikapanda. Matarumbeta yalitangulia, watu sita wenye sare nyekundu wakipuliza na kupanda kinyumenyume ili wasiwape wazee mgongo. Nyuma yao wakaja mashangazi wakipiga vigelegele, na kwa vile ngazi ile ilikuwa ya mawe matupu, sauti ilirudi mara tatu mpaka vioo vikatetemeka. Viti vilipita juu ya vichwa. Keki kubwa ilibaki, lakini ndafu, yule mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa kwa majani mdomoni, akapandishwa na wapishi wanne kwa sababu bibi mzaa mama alisema hawezi kupanda ngazi zote zile kisha asimwone mbuzi. Wageni wawili wa Kijerumani waliokuwa wakitoka chumbani kwao walifungua mlango, wakakutana uso kwa uso na ndafu, wakafunga. Dakika moja baadaye walifungua tena, wakiwa wamevaa vizuri.

Mshereheshaji, aliyekuwa ameishiwa vichekesho kule chini, alifufuka. Akatangaza kwamba katika maisha yake ameona mabibi harusi wakiingia kwa gari, kwa farasi na kwa mashua, lakini huyu ndiye wa kwanza aliyeamua watu ndio waingie kwake. Prudencia akapunga mkono kupitia mwanya. Ni mkono tu ulioonekana, na hina yake, lakini watu walishangilia kana kwamba wameuona mwezi.

Mwalimu Florian aliitwa atoe baraka. Alikuwa ameandika kurasa tatu. Alisogea mpaka mlangoni, akavaa miwani, akachungulia ndani, na alipouona uso wa mwanawe pale sakafuni, umeinama, unamsubiri, akazikunja zile kurasa na kuzitia mfukoni.

"Mama," akasema, kwa maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni, "unanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Nilipanga kukuambia mengi kuhusu uvumilivu. Naona umeshaanza mazoezi."

Watu wakaangua kicheko mpaka chini kabisa, hata wale waliokuwa hawajasikia. Mwalimu Florian naye akacheka, na katikati ya kucheka akashika ukingo wa mlango wa lifti kwa mikono miwili. "Nenda ukapendwe," akasema. "Ni hilo tu. Mengine utasoma mwenyewe, nitakupa karatasi."

Ikafika keki. Princess akamsogezea ile trei ndogo, mkono wa Prudencia ukatoka na kipande kwenye kijiti. Lakini Prudencia hakuona mdomo wa baba yake ulipo, na baba hakuona kijiti kinatokea wapi, na matarumbeta yalikuwa yakiwaharakisha. Kipande cha kwanza kilitua kwenye masharubu. Cha pili kwenye miwani. Cha tatu Mwalimu Florian alikidaka kwa mdomo kama samaki anavyodaka chambo, na ngazi nzima ikalipuka kwa vigelegele. Akumu, aliyekuwa amebanwa ukutani kati ya ndafu na Wajerumani, alicheka mpaka akaketi chini na sare yake, akajifuta macho kwa mkono, na ratiba yote ya kiganjani ikahamia shavuni.

Hapo ndipo Elias alipofika. Alipita kwa ngazi za nyuma mpaka juu ya paa, akafanya alichofanya, na bila kumwonya mtu lifti ikanguruma. Mwanya ukaanza kufungwa na Prudencia akaanza kushuka, viatu vikatoweka, kisha gauni, kisha mkono ukipunga, kisha sauti ya Princess.

"Anashuka," akapiga kelele shangazi mmoja.

Watu mia mbili na kumi wakageuka kwa pamoja. Mashangazi wakatangulia, matarumbeta nyuma yao, wazee wakiinua kanzu, ndafu akipelekwa mbio huku jani likimponyoka mdomoni. Akumu alivua viatu akakimbia nao mkononi. Lakini lifti ilikuwa na haraka kuliko wote. Ilipofunguka chini, kwenye mapokezi matupu yanayong'aa, aliyekuwa amesimama mbele yake ni Bwana Gosbert peke yake.

Prudencia alisimama. Gauni likachukua umbo lake. Wakatazamana, na kutoka ngazini ilisikika ngurumo ya watu wanaoshuka. Bwana Gosbert aliona kwamba bibi harusi amefika na hakuna wa kumpokea. Akaweka mkono mdomoni, kwa namna alivyowaona mama zake wakifanya huko Muleba, akapiga kigelegele. Hakikuwa kizuri. Kilianza juu sana kisha kikapasuka katikati, kikawa kama jogoo mgonjwa. Lakini alikipiga mpaka mwisho, na walipofika watu wa kwanza walimkuta ameinama, amemshika Prudencia mkono, anamsindikiza kwenda ukumbi wa sherehe.

Chakula kililiwa saa nane na dakika kumi. Meli waliiwahi.

Wiki iliyofuata simu za mapokezi hazikutulia. Familia tatu zilitaka kuweka sherehe Mawe Matatu, na moja iliuliza kama lifti inaweza kukwama kwa mpango, dakika ishirini hivi, kabla ya keki. Bwana Gosbert aliijibu hiyo mwenyewe, kwa sentensi ndefu, kwamba haiwezekani, na tangu hapo Elias akawa anakuja kila mwezi. Miezi mitatu ya majaribio ya Akumu ilikatwa ikawa miwili. Na mwaka jana, mwezi wa tisa, akapata barua ya kuwa meneja msaidizi wa hoteli nzima.

Mama yake aliposikia alipanda basi kutoka Rorya kuja kumwona. Alikuwa hajawahi kulala hotelini. Akumu akamwekea chumba kinachotazama ziwa, akampitisha kila swichi, akamwacha apumzike. Kesho yake asubuhi, saa tatu, mhudumu wa vyumba, Immaculata, akaja ofisini na sura ya kulalamika.

"Dada Akumu, chumba cha mama sina cha kufanya. Ametandika. Amepiga deki. Na amefua pazia."

"Pazia lipi?"

"Lote."

Akumu akapanda. Mama yake alikuwa kwenye baraza ya chumba, amekaa kwenye kiti, miguu juu ya kingine, na lile pazia zito la mita sita lilikuwa limetandazwa kwenye ukingo likichuruzika maji na kupigwa na upepo wa ziwa. "Lilikuwa na vumbi," mama akasema, kama anayejibu swali ambalo halijaulizwa.

Chini bustanini Bwana Gosbert alikuwa akipita. Akasimama. Akainua macho akaliona pazia la hoteli yake linapepea nje mchana kweupe.

"Yule mwenye tai ndiye bosi wako?" mama akauliza. "Mwite. Nina neno naye."

Akumu hakuthubutu, kwa hiyo mama akamwita mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita mitumbwi iliyo mbali. Bwana Gosbert akapanda. Alifika mlangoni ameshatengeneza sentensi kuhusu mapazia, Akumu aliiona usoni mwake, ndefu na imekamilika. Mama hakumpa nafasi. Alivuta kiti, akakifuta kwa kiganja.

"Kaa, baba. Umenilelea mtoto miaka tisa na sijakupa hata chai."

Bwana Gosbert akabaki amesimama. Wahudumu wote walijua kwamba hakuwahi kukaa kwenye kiti cha mgeni katika hoteli ile. Akumu alimwangalia, akauma midomo asicheke. Bwana Gosbert akakaa. Mama akamimina chai ya birika la chumbani, akamwekea sukari vijiko vitatu bila kumuuliza, na upepo ukaliinua pazia, ukalileta likiwa limelowa, likampiga meneja usoni na kurudi.

Akaifuta tai yake. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Na hivi vyumba vingine," mama akauliza, akimsogezea kikombe, "mapazia yake yakoje?"